Uvimbe wa taya ulioipa dunia somo kutoka Mulago

Sir Anthony Epstein alipofariki Februari 2024 akiwa na miaka 102, alikumbukwa kama mgunduzi wa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Sifa hiyo anaistahili. Lakini habari yenyewe ilianzia Kampala, katika Hospitali ya Mulago.

Mwaka 1957, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa kumwona mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Baada ya muda mfupi akamwona mwingine Jinja. Mwaka 1958 akachapisha taarifa yake. Wataalamu wa patholojia wa Kampala walibaini kuwa ni limfoma, yaani saratani ya limfositi, seli nyeupe zinazoukinga mwili na maradhi. Seli hizo huzunguka katika damu na mishipa ya limfu, na hukusanyika kwenye wengu na kwenye tezi za shingoni, kwapani na kinenani, zile ambazo zikivimba watu husema ni mitoki.

Burkitt akataka kujua ugonjwa huo umeenea hadi wapi. Kwa msaada wa pauni 25 alichapisha vipeperushi vyenye picha, akavisambaza katika hospitali nyingi za Afrika. Kisha Oktoba 1961, yeye na madaktari wenzake Ted Williams na Cliff Nelson walipanda Ford kuukuu iliyonunuliwa kwa pauni 250, wakashika njia ya kusini. Walisafiri majuma kumi, maili 10,000, wakapita Tanganyika, Nyasaland na Msumbiji hadi Afrika Kusini. Katika kila hospitali walionyesha picha zao na kuuliza swali moja: mmewahi kumwona mtoto wa namna hii? Majibu yakajazwa kwenye ramani. Ugonjwa ulikuwepo penye joto na mvua nyingi, ukakosekana kwenye nyanda za juu zenye baridi. Ramani hiyo ilikaribiana mno na ya malaria. Na aliyeichora alikuwa na jicho moja tu. La pili alilipoteza utotoni.

Epstein alikuwa amemsikia Burkitt akihutubia London mapema mwaka huohuo wa 1961, akashuku kuna kirusi, akaomba vipande vya uvimbe kutoka Mulago. Desemba 1963 ukungu uliilazimisha ndege iliyobeba kifurushi kutua Manchester. Kilipofika maabara, maji yake yalikuwa yametibuka, yakadhaniwa yameoza. Kumbe yalijaa seli hai. Kutokana na seli hizo, mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakakiona kirusi, ambacho leo kinaitwa Epstein-Barr.

Mwaka 1967 Mulago ikapata kituo cha kutibu limfoma, chimbuko la Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Jina la Burkitt limo katika ugonjwa, la Epstein limo katika kirusi, lakini Mulago na watoto wake hawatajwi popote. Historia hii inastahili kufundishwa katika kila darasa la baiolojia la Afrika Mashariki.

Nawe mzazi, uvimbe huu unaweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili. Mtoto akivimba taya au tumbo ghafla, usipoteze majuma ukidhani ni jino. Mpeleke hospitali ya rufaa mapema, kwa sababu saratani hii ikiwahiwa kwa dawa mara nyingi hupona.