Kutua kwa kishindo katika Kerbal Space Program

Kerbal Space Program ni mchezo wa kompyuta ambao humpa mchezaji nafasi ya kuunda roketi na kuiongoza hadi kwenye sayari za kubuni. Ulibuniwa na Felipe Falanghe katika kampuni ya Squad, nchini Mexico, ukatolewa kwa umma mwaka wa 2011. Toleo kamili lilifuata mwaka wa 2015.

Kuruka kuna ugumu wake, lakini wengi huangamia wakati wa kutua. Kila kipande cha chombo kimewekewa kikomo cha kasi. Kikigonga ardhi kwa kasi inayozidi hapo, hulipuka. Chumba kidogo cha rubani mmoja huhimili mita 14 kwa sekunde.

Kikomo hicho kina maana tofauti kulingana na mahali. Huko Kerbin, sayari iliyoigwa kutokana na Dunia, kitu kikidondoka kutoka kimo cha mita 10 hufikia kasi hiyo. Kwenye Mun, mwezi wake wenye mvutano mdogo, sharti kidondoke mita 60. Kwa hivyo rubani aliyeishiwa na mafuta mita 30 juu ya Mun bado ana matumaini.

Hata hivyo, Mun haina hewa na miavuli haifai kitu huko. Chombo kinachouzunguka kwa karibu huenda takriban mita 550 kwa sekunde, na kasi yote hiyo huondolewa kwa injini. Anayeogopa akaelea angani kwa dakika moja hupoteza mafuta ambayo yangepunguza kasi kwa karibu mita 100 kwa sekunde. Anayechelewa kuwasha injini naye huokoa mafuta, ila hana pa kukosea. Katika sayari ya Duna hewa ipo, lakini ni hafifu; mwavuli hupunguza kasi, na kwa chombo kizito injini ndiyo humaliza kazi.

Hatari isiyotiliwa maanani ni mwendo wa kando. Chombo kirefu kinachoshuka polepole huku kikiteleza upande mmoja hupinduka miguu inapogusa ardhi. Dawa yake ni kukijenga kifupi, chenye miguu iliyotanuka.

Iwapo kishindo hakiepukiki, kilichobaki ni kuchagua kitakachovunjika. Wachezaji wazoefu hugeuza chombo ili injini na matangi matupu yatangulie kugonga, nao wahudumu wabaki juu. Wengine hufunga chini yake vyuma vya fremu ambavyo huhimili mita 80 kwa sekunde.

Katika mipangilio ya kawaida, mchezaji anaweza kuirudia safari, na wahudumu waliopotea hurejea baadaye. Akichagua ngazi ngumu, hakuna kurudia, na aliyekufa amekufa.