Kusaka asili ya koo za walowezi wa Ayalandi

Koo nyingi za Ayalandi zenye asili ya Uingereza ziliingia huko karne za 16 na 17, watawala wa Uingereza walipowapokonya wenyeji ardhi na kuwagawia walowezi: Munster katika miaka ya 1580, Ulster kuanzia 1609, na tena enzi za Oliver Cromwell.

Kujua ukoo ulitoka kijiji gani si kazi nyepesi. Tarehe 30 Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, jengo la kumbukumbu mjini Dublin liliteketea pamoja na hati za wosia, sensa za kale na daftari nyingi za kanisa la Kianglikana.

Jina peke yake si ushahidi. Wenyeji wengi waligeuza majina yao yawe ya Kiingereza. Mac Gabhann, yaani mwana wa mhunzi, mara nyingi likawa Smith. Hivyo anayeitwa Smith huenda ni mzawa wa Ayalandi tangu mababu.

Hata hivyo, njia haikufungwa. Chuo cha Trinity mjini Dublin kimehifadhi maelfu ya maelezo ya mashahidi, wengi wao walowezi, kuhusu uasi wa 1641, na yanasomeka kwenye intaneti. Ng'ambo ya bahari, parokia za Uingereza ziliamriwa mwaka 1538 kuandika ubatizo, ndoa na mazishi. Hati ya wosia iliyoandikwa Uingereza, ikimtaja ndugu aliyehamia Ayalandi, yaweza kuunganisha kilichokatwa na moto.