Sinema ya Kikannada na Vita Dhidi ya Tabaka

Machi 1934, watu wa Bangalore walisikia lugha yao ikizungumzwa kwenye sinema kwa mara ya kwanza. Sati Sulochana ya Y. V. Rao ilikuwa kisa cha Ramayana, na kwa muda mrefu baadaye miungu na wafalme hawakuondoka kwenye skrini. Dalili za ukaidi zilionekana 1954 katika Bedara Kannappa, hadithi ya mwindaji mcha Mungu anayeonewa na kuhani mnafiki. Ndiyo iliyompa jina Rajkumar, aliyekuja kuwa kipenzi cha jimbo zima la Karnataka.

Mapinduzi yenyewe yalikuja 1970, nayo yalianza na maiti.

Katika Samskara ya Pattabhirama Reddy, Mbrahmini mmoja, mtu wa tabaka la juu la makuhani, aliyekula nyama, akanywa pombe na kuishi na mwanamke wa tabaka la chini anafariki. Nani amfanyie mazishi? Kila nyumba inajitoa, na mila hairuhusu mtu kula mpaka maiti ichomwe. Njaa inawauma, tauni inaingia, na mwanazuoni wao, aliyeigizwa na Girish Karnad, anapekua vitabu bila kupata jibu. Bodi ya ukaguzi ya Madras iliipiga marufuku. Marufuku ilipoondolewa, filamu ikatwaa tuzo ya taifa ya filamu bora. Snehalata Reddy, aliyeigiza mwanamke huyo, alifungwa bila kuhukumiwa wakati wa hali ya hatari ya waziri mkuu Indira Gandhi, akafariki Januari 1977, siku chache baada ya kuachiwa.

Mwandishi wa riwaya iliyozaa Samskara, U. R. Ananthamurthy, alikuwa Mbrahmini. Ukali wa sinema hii ulitoka hapo: waliolaumu walikuwa wa nyumba ileile. Hadithi yake nyingine ilimpa Girish Kasaravalli filamu yake ya kwanza, Ghatashraddha (1977), ambamo baba anamfanyia bintiye mjane ibada ya maziko angali hai, kwa kosa la kupata mimba.

Lakini hapohapo palikuwa na upungufu. Walioumizwa zaidi walisimuliwa na wengine. Hata Chomana Dudi (1975) ya B. V. Karanth, iliyotoka katika riwaya ya Shivaram Karanth, ni huruma ya mtu wa tabaka la juu, ingawa ni huruma isiyopepesa macho: Choma, mtu wa tabaka lisiloguswa, anatamani kulima kipande chake mwenyewe na mila inamkatalia, mwanawe anazama mtoni mbele ya watu wanaoogopa kumgusa.

Kwa wajane, angalau, kamera ilifika mikononi mwa mwanamke. Prema Karanth alitengeneza Phaniyamma kutoka riwaya ya M. K. Indira, kuhusu mtoto aliyeolewa na kufiwa na mume kabla hajakua. Akiwa mzee, Phaniyamma anamtetea mjane kijana anayekataa kunyolewa kichwa. Filamu hiyo ilipewa tuzo ya taifa ya filamu bora ya Kikannada.