Kifafa cha mimba: Goti huonya kabla ya pumzi kukatika

KIFAFA cha mimba humpata mama mjamzito, au aliyejifungua karibuni, ambaye shinikizo lake la damu limepanda, mara nyingi pamoja na protini kuonekana katika mkojo. Dawa inayotegemewa kukizuia na kukituliza ni magnesiamu salfeti. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka wa 1995 ulibainisha kwamba huzuia mitukutiko kurudi kuliko diazepamu na fenitoini. Mwingine wa mwaka wa 2002, ulioshirikisha zaidi ya akina mama 10,000 katika mataifa 33, ulionyesha kwamba hupunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya mama mwenye dalili za awali kupatwa na kifafa chenyewe.

Hata hivyo, kiasi kinachoponya hakiko mbali na kile kinachodhuru. Magnesiamu hutoka mwilini kupitia figo, na maradhi haya yenyewe huweza kuzidhoofisha figo. Dawa basi huweza kulimbikizana katika damu ijapokuwa muuguzi hakuzidisha kipimo hata tone.

Bahati njema ni kwamba sumu yake huja kwa hatua. Kwanza goti hukoma kuruka linapogongwa chini ya pia yake. Kiasi kikiendelea kupanda, pumzi hudhoofika. Mwishowe moyo husimama. Kwa sababu hiyo muuguzi hahitaji maabara ili kutambua hatari. Kabla ya kila sindano ya kuendeleza tiba, ambayo hutolewa baada ya saa nne, huhakikisha mambo matatu: goti linaruka, pumzi si chini ya 16 kwa dakika, na mkojo si chini ya mililita 30 kwa saa katika saa nne zilizotangulia. Moja likikosekana, sindano husubiri. Pumzi zikikatika, mama husaidiwa kupumua na kudungwa polepole mshipani gramu moja ya kalisiamu glukonati, ambayo inapasa kuwa kando ya kitanda tangu mwanzo, wala si katika kabati iliyofungwa ambayo ufunguo wake umekwenda nyumbani na mtu wa zamu ya mchana.

Joto mwilini, uso kuiva na kichefuchefu wakati wa kudungwa ni mambo ya kawaida, na mama huelezwa mapema asije akataka tiba isimamishwe.

Kosa jingine hutokea katika kuchanganya. Dawa ya nguvu ya asilimia 50 hudungwa msulini. Ya mshipani huzimuliwa hadi asilimia 20, yaani mililita 8 huongezwa mililita 12 za maji safi ya sindano ili kupata gramu 4, zinazopitishwa polepole.

Uzito wa mambo haya huonekana zaidi katika maeneo kama Oltepesi, kando ya barabara ya Magadi, Kajiado Magharibi. Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwamba kituo kisichoweza kutoa tiba yote kimpe mama kipimo kamili cha mwanzo, kisha kimpeleke mara moja hospitalini. Kipimo hicho ni gramu 4 mshipani na 10 msulini, tano kila kalio. Hivyo dawa huanza kufanya kazi ilhali gari lingali linapanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Kiserian na Ngong, na uangalizi wote hubaki mikononi mwa muuguzi aliyeketi nyuma na saa yake.

Barua ya rufaa nayo ni sehemu ya tiba. Isipotaja kipimo, njia na saa ya sindano, wanaompokea mgonjwa huenda wakaanza upya kwa gramu nyingine 14. Tiba yenyewe huendelea hadi saa 24 baada ya kujifungua au baada ya mtukutiko wa mwisho, kutegemea lililochelewa.

Mama akidhurika, taarifa hupelekwa kwa Bodi ya Famasia na Sumu, iliyozindua mfumo wa kitaifa wa kufuatilia usalama wa dawa mwaka wa 2009. Fomu ya manjano ni ya madhara. Ya waridi ni ya dawa inayoshukiwa kuwa duni. Muuguzi hangoji uthibitisho wa daktari wala wa maabara kabla ya kuijaza.