Umetoka gereji na ndai imeng'aa? Cheki kama hizi stika zimerudi kabla ushike barabara ya Garsen

Ndai yako iligongwa ubavuni pale Malindi. Fundi ameinyoosha, sprei imekaa fiti, na sasa unataka kusukuma hadi Garsen, zaidi ya kilomita 100 za lami na jua. Unafungua mlango wa dere ucheki presha ya tairi. Pale kwa nguzo ya mlango palikuwa na kastika kenye nambari. Sasa hapo kuna rangi mpya tu.

Wasee wengi huachilia hiyo maneno. Usiachilie. Zile stika zinazokuja na gari zinaambia dere, fundi na hata mtu wa kukuokoa vitu ambavyo hawawezi kukisia kwa macho. Hizi ndizo za kuangalia, tukianza na ile inaumiza watu zaidi.

1. Stika ya presha ya tairi

Hukaa kwa nguzo ya mlango wa dere au kwa ukingo wa mlango wenyewe. Gari nyingi hapa Kenya ni mtumba wa Japan, kwa hivyo nambari huwa kwa kPa: 220 ni karibu PSI 32, na 240 ni karibu PSI 35.

Ukikosa hiyo stika, utategemea msee wa pancha, naye atakujazia kwa mazoea. Halafu kuna ile stori ya "huku Tana River ni moto, punguza upepo kidogo." Hiyo ni hatari. Tairi yenye upepo kidogo hujikunja sana ikizunguka, inajipasha moto yenyewe, na ukiongeza mzigo na spidi, inaweza kupasuka. Nambari ya stika ni ya tairi baridi. Pima asubuhi kabla ya safari. Ukipima mchana Garsen na ukute imepanda kidogo, usitoe upepo.

Cheki pia kama stika ina nambari tofauti ya gari likibeba mzigo. Kama unapakia maembe nyuma, hiyo ndiyo yako.

2. Mlango wa mtumba unaweza kukudanganya

Hapa ndipo wengi huchomeka. Fundi akiona mlango umeharibika sana, anakutafutia mwingine wa gari lililokatwakatwa. Ukikuja na stika yake, hiyo ni ya gari lingine, labda lenye saizi tofauti ya tairi. Boneti pia ni vile vile. Linganisha saizi iliyoandikwa kwa stika na ile iko ubavuni mwa tairi yako. Zikikataana, toa hiyo stika na uweke ya kweli.

3. Nambari ya chesisi

Kuna kibati chenye nambari, halafu kuna nambari yenyewe iliyopigwa kwa chuma cha gari. Hivi vyote lazima vilingane na logbuku. Kibati kikitolewa wakati wa kupaka rangi, hakikisha kimerudi. Usichapishe kingine mtaani, na usikubali fundi akate au asage kile chuma chenye nambari kabla hujaongea na NTSA na polisi. Karao akikuta nambari imechezewa, utaonekana mwizi wa gari hata kama ni yako kabisa. Na ukibadilisha rangi ya gari, peleka hiyo habari NTSA ili logbuku ibadilike.

4. Onyo la eabegi na la umeme

Kile kikinga jua cha mbele huwa na onyo kwamba kiti cha mtoto kinachotazama nyuma kisiwekwe mbele ya eabegi. Ukiwekewa kikinga jua kingine kisicho na onyo, mtu atakayenunua hiyo gari hataambiwa na mtu.

Kama ni haibridi, angalia stika za onyo la umeme wa nguvu chini ya boneti na karibu na betri. Nyaya za rangi ya machungwa zina umeme wa kuua. Siku gari imepinduka au imesombwa na maji ya Tana, yule anayekutoa anahitaji kujua anashika nini. Pia kuna stika ya gesi ya AC: kuna R134a na R1234yf, na hazichanganywi.

5. Lori na mathree

Kama unaendesha lori, chevroni za nyuma ndizo uhai wa wengine. Ukitoka Minjila ukielekea Witu na Lamu usiku, kuna giza totoro. Lori likisimama kando ya barabara, taa za anayekuja nyuma zinahitaji kitu cha kurudisha mwanga. Fundi akichora chevroni kwa brashi na rangi ya kawaida, mchana itapendeza, lakini usiku haitaonekana. Dai karatasi ya kung'aa yenyewe.

Mathree nayo ikinyooshwa ubavu, ile laini ya manjano lazima irudi ikizunguka gari lote. Hiyo imekuwa sheria tangu zile kanuni za Michuki zianze kufanya kazi Februari 2004. Rudisha pia jina la sacco na ile alama ya 80 KPH nyuma.

Sasa unafanya aje?

Kabla hujaacha gari gereji, toa simu upige picha ya kila stika: milango yote, chini ya boneti, vikinga jua, kifuniko cha tangi, kioo cha mbele. Dakika tano tu. Kama kioo kinabadilishwa, uliza mapema vile utapata stika nyingine ya bima na ya ukaguzi.

Mwambie fundi afunike stika kwa selotepu ya karatasi kabla ya sprei. Yenye imeharibika, tafuta mpya kwa duka la spea ukiwa na nambari ya chesisi, kwa sababu stika nyingi zina nambari ya spea kama bampa tu. Ikikosekana, chukua vipimo kutoka kwa kitabu cha gari au picha yako, uchapishe kwa stika isiyoingia maji, uibandike pale pale ilipokuwa. Hiyo njia ni ya presha na maonyo pekee, si ya chesisi.

Na usimalize kulipa doo kabla hujazunguka gari ukilinganisha na zile picha. Kama nguzo ya mlango iko tupu, kazi haijaisha.