Umbali na Ushahidi

Leo kadi za kompyuta zenye antena nyingi husifiwa kwamba hufikisha mawimbi mbali kuliko zenye antena moja. Sifa za namna hii si ngeni.

Tarehe 12 Desemba 1901, saa sita na nusu mchana, Guglielmo Marconi alitega sikio huko Newfoundland, waya wake ukishikiliwa angani na tiara. Alitangaza kuwa amesikia herufi S kutoka Poldhu, Uingereza, umbali wa kilomita 3,400 hivi. Mashahidi walikuwa wawili tu: yeye na msaidizi wake, George Kemp. Wengi walishuku.

Februari 1902 alisafiri kwa meli Philadelphia, mashine ikiandika ishara za Poldhu juu ya utepe wa karatasi. Usiku zilifika zaidi ya kilomita 3,300; mchana zilikoma kwenye kilomita 1,100 hivi. Basi kipimo chake mwenyewe kilitia shaka dai lake la mchana, nalo hubishaniwa hadi leo.

Kwa hiyo, msomaji, ukiambiwa umbali, uliza: ulipimwa wapi, saa ngapi, penye kuta ngapi, na nani alishuhudia?