Kisiki hai: kazi ambayo mwanafunzi anaweza kuianza leo

Kila msimu wa mvua shule nyingi hupanda miti. Kiongozi hualikwa, picha hupigwa, kila mwanafunzi hukabidhiwa mche wake. Ukirudi mwezi wa tisa unakuta vijiti vikavu. Likizo iliingia, kiangazi kikakaza, mbuzi wakapita. Hapa tunaeleza njia nyingine, isiyohitaji mche wala fedha.

Kwanza tuelewane. Mabadiliko ya tabianchi husababishwa hasa na uchomaji wa makaa ya mawe, mafuta na gesi, pamoja na ukataji wa misitu. Hewa ukaa inayotokana na hayo hukaa angani na kuzuia joto lisitoke, kama blanketi. Bara la Afrika huchangia takribani asilimia 4 tu ya hewa hiyo. Kwa hiyo tusimwambie mtoto kwamba ukame wa kijijini kwao umeletwa na mama yake anayepikia kuni. Lakini ardhi iliyo wazi huumia zaidi mvua inapochelewa, au inaposhuka yote kwa siku mbili, na hapo ndipo tuna la kufanya.

Mkoa wa Dodoma unatufundisha mengi. Mvua yake ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na ni chache. Huko Kongwa, mwaka 1947, serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga. Matrekta yaling'oa vichaka, udongo ukakauka na kuwa mgumu kama tofali, ukame nao ukapiga. Mradi ulifutwa mwaka 1951.

Leo mkoa huohuo unajulikana kwa kisiki hai, njia ambayo shirika la LEAD Foundation limekuwa likiwafundisha wakulima. Nchini Niger, ambako ilienea kuanzia miaka ya 1980, wakulima wamerudisha miti katika takribani hekta milioni 5.

Siri iko chini ya ardhi. Mgunga uliokatwa haujafa. Mizizi yake bado imeshuka chini kufuata unyevu, jambo ambalo mche wa kitalu utalifikia baada ya miaka. Kisiki huchipua kila mwaka, lakini machipukizi huwa mengi mno, yananyang'anyana chakula, mifugo inayala, na unabaki na kichaka.

Kazi ya mwanafunzi ni kuchagua. Tafuta kisiki chenye machipukizi, bakiza matatu hadi matano yaliyonyooka na yenye nguvu, mengine yakate kwa panga au kisu kikali. Kata karibu na kisiki, usichane gome. Kwa yale uliyobakiza, ondoa vitawi vya chini, usivuke nusu ya urefu. Kisha funga kitambaa chenye rangi, ili mchungaji na mkata kuni wajue kwamba mti huo una mwenyewe. Rudi baada ya miezi michache uondoe machipukizi mapya. Hayo matawi unayokata hayatupwi: ni kuni za nyumbani, na hakuna mti mzima uliokatwa.

Kabla ya kushika panga, zungumza na wazazi. Shamba ni lao, na wengine wanaamini mti shambani huiba chakula cha mahindi. Usibishane nao, omba kona moja, au mpaka wa shamba. Shuleni, mwalimu wa klabu ya mazingira aombe eneo ambalo mifugo haipiti, la sivyo mtakuwa mnalisha mbuzi wa jirani.

Liko pia jiko la shule, ambalo watu hulisahau. Shule inayopikia wanafunzi mia kadhaa humaliza kuni nyingi kuliko kaya nyingi kwa pamoja. Mkakati wa taifa uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Kununua jiko jipya si kazi ya mwanafunzi, ila kuhesabu ni kazi yake: mizigo mingapi ya kuni huingia kwa wiki, na kwa shilingi ngapi? Hesabu hiyo ikipelekwa kwenye kikao cha wazazi, mjadala hubadilika.

Kwa kuanzia, visiki vitano vinatosha. Vipe namba, pima urefu wa machipukizi kila mwisho wa mwezi, andika daftarini. Mkifunga shule, mkabidhi daftari mwenzako anayekaa karibu.